Jina la Ukoma Lilitoka Wapi?



Jumapili moja hapa Kasoli nilihubiri habari za wale watu kumi wenye ukoma, Luka sura ya 17. Nikanena kwa nguvu kwamba ukoma ni mfano wa dhambi. Baada ya ibada mama mmoja mzee akaningoja chini ya mti. Yeye alipona kwa dawa miaka mingi iliyopita, ila vidole vyake havikurudi. Akaniuliza, "Mchungaji mwanangu, na mwenye malaria, ugonjwa wake ni mfano wa nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mayu, nisamehe," nikaenda nyumbani kufungua vitabu.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, neno la Kiebrania ni tsaraath. Angalieni jinsi linavyotumika: laweza kuwa juu ya ngozi ya mtu, na juu ya vazi la sufu, hata juu ya ukuta wa nyumba. Je, ukuta hushikwa na ukoma? Tena Maandiko husema juu ya weupe kama theluji. Lakini ukoma tuujuao haumfanyi mtu kuwa mweupe hivyo. Huleta baka lililofifia au jekundu, lisilosikia sindano wala moto. Basi tsaraath lilikuwa neno la kuhani, la unajisi, si neno la tabibu.

Wayahudi wa Aleksandria walipoigeuza Torati kwa Kiyunani, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, waliandika lepra. Neno hilo latoka katika magamba, maana waganga wa Kiyunani waliita hivyo maradhi ya ngozi yenye kubanduka. Ukoma wenyewe ulikuja kuitwa nao elephantiasis, yaani ugonjwa wa tembo, kwa ajili ya ngozi inayonenepa na kukunjamana. Kwa jina hilo Celsus aliuandika kwa Kilatini katika karne ya 1, akisema kwamba katika Italia ulikuwa karibu haujulikani.

Matabibu wa Kiarabu nao waliuita judham, ndiyo jedhamu ya ndugu zetu wa pwani. Na uvimbe wa miguu, yaani matende, wakauita ugonjwa wa tembo. Hata katika karne ya 11 Constantine Mwafrika, mtawa wa Monte Cassino, akavigeuza vitabu vyao kwa Kilatini, na judham ikawa lepra. Hapo tembo wawili wakakutana njiani! Wenye elimu wa baadaye wakalazimika kusema elephantiasis Graecorum, ya Wayunani, maana yake ukoma, na elephantiasis Arabum, ya Waarabu, maana yake matende.

Tumlaumu nani? Kila mfasiri alitafuta neno lililo karibu. Lakini lepra lilikuwa limekwisha kukaa katika Biblia ya Kilatini, nao waliolisikia walimsikia yule najisi akipiga kelele nje ya kambi. Hivyo mgonjwa wa tabibu akavikwa unajisi ambao Musa hakumwandikia yeye.

Wako wasemao, jina ni upepo tu, ugonjwa ni ule ule. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wengine wamelibadili jina: mkutano wa matabibu huko Havana, mwaka 1948, uliomba watu wasiitwe tena kwa ugonjwa wao, na Brazili mwaka 1995 ilikataza kwa sheria neno lepra katika maandishi ya serikali. Hayo ni mema, walakini jina jipya nalo huchafuka upesi mioyo isipogeuka. Hata Hansen wa Bergen, katika nchi ya Walutheri wenzetu wa Norwei, alipokiona kijidudu chenyewe mwaka 1873, kijidudu kile kilikuja kuitwa Mycobacterium leprae. Magamba hayajatuacha.

Basi aibu hii hufanya nini? Mtu aonaye baka lisilosikia huvaa shati la mikono mirefu, akanyamaza. Mwaka hupita, na mwingine. Mishipa ya fahamu hufa, kisha vidole. Naye angalikwenda zahanati mapema, angalipewa dawa zilizounganishwa pamoja, bila malipo, kwa miezi 6 au 12, na mara baada ya kuanza kuzimeza asingaliambukiza mtu. Watu walio wengi, hata wakikaa karibu na mgonjwa, hawaupati kamwe.

Enyi wainjilisti, msomapo Walawi 13, waambieni watu kwamba kuhani yule hakuwa akimtazama jirani yao. Msiseme "mkoma yule". Semeni jina alilobatizwa nalo. Na someni pia Marko 1, mahali Bwana aliponyosha mkono akagusa kabla hajanena kutakasa.

Mahubiri yangu ya Luka nimeyatoa katika daftari.