Deni la Kumbukumbu

Kumbukumbu ya utotoni ni mali ambayo mwenyewe hakuihesabu alipoipokea. Humfuata mpaka ukubwani ikiwa na rangi na sauti, lakini haina jina wala tarehe. Mtu akumbukaye nusu ya katuni aliyoiona alipokuwa mdogo huitamani nusu ya pili. Aanzapo kuitafuta hudhani kwamba hatari iliyo mbele yake ni moja tu, nayo ni kuikosa. Hatari ya kuipata haimjii akilini.

Na uwekwe mfano. Kijana amezaliwa Mpepai, katika wilaya ya Mbinga, mwaka 2005, na baba yake amefariki mwaka 2009. Kwa baba huyo kijana hana ila kumbukumbu moja. Ni usiku, msimu wa kuuza kahawa. Watu wamejaa katika nyumba ya jirani mwenye televisheni na jenereta. Katika kioo kuna kobe mwenye gamba lililovunjika, na wanyama wa rangi kali wenye madoadoa. Mtoto amepakatwa na baba, na baba anacheka. Kijana amekwenda na kumbukumbu hiyo mpaka chuo kikuu, na huko ameazimia kuitafuta katuni ile, kama mtu atafutaye picha ya marehemu.

Michoro ya namna ile ina ukoo unaofuatika. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa huohuo wa Ruvuma, alichora wanyama wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Wafuasi wake waliiendeleza kazi hiyo, na mtindo wao ukazaa katuni iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi. Kila hadithi yake hueleza asili ya jambo: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Kijana anapoitazama anaitambua mara moja. Rangi ni zile, kobe ni yule. Kisha anasoma mwaka ilipoanza kuonyeshwa: 2010. Baba alikuwa kaburini tayari.

Anamwuliza mama yake. Mama anamjibu, "Aliyekupakata ni mjomba wako, mwanangu. Ndiye aliyekupeleka, na ndiye aliyekurudisha mgongoni umelala. Baba yako alikuwa akikusimulia habari za kobe jikoni, hata kutembea hujatembea sawasawa."

Wako watakaosema kwamba ingalikuwa heri asitafute. Kosa lake lilimfariji na halikumdhuru mtu. Hoja hii ina huruma, lakini haina haki. Mjomba alidhurika. Wema wake ulitolewa kwake ukapewa mwingine, naye hakuwa na habari ya kudai. Faraja iliyojengwa kwa mali ya mtu mwingine haiachi kuwa deni kwa sababu mdaiwa hakujua kwamba anadaiwa. Lakini akishajua, kunyamaza kwake ni dhuluma.

Wala baba hakunyang'anywa kitu. Katika milima ya Mbinga Wamatengo hulima ngoro. Hukata majani, huyalaza katika miraba, huyafunika kwa udongo uchimbwao katikati, na juu ya matuta hupanda maharage. Atazamaye maharage hayaoni majani yaliyozikwa, na hata hivyo mizizi hula humo. Ikiwa mama amesema kweli, hadithi ya baba ililala chini, na katuni ikaota juu yake. Mtoto akavuna vyote viwili kwa siku moja akaviita kimoja. Kosa lake halikuwa kubuni baba aliyempenda. Kosa lake lilikuwa kuupeleka upendo huo mahali ambapo haukuwapo.

Lakini hata hapa haifai kuharakisha. Katuni imethibitisha mwaka, basi. Imeweza kusema kwamba baba hakuwapo. Haiwezi kusema ni nani aliyekuwapo. Neno la mama nalo ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya mzee huchanganya kama ya mtoto. Kijana akiliamini, na aliamini kama ushahidi wa mtu mwaminifu, asilifanye hukumu isiyokatiwa rufani. Aliyekwisha kudanganywa na moyo wake mwenyewe ana wajibu wa kupima mara mbili.

Kipimo kilichobaki kiko Mpepai, nacho kina uhai. Mjomba yupo, naye hajaulizwa. Huenda usiku ule ameusahau, na huenda anaukumbuka kwa namna ya tatu. Vyovyote vile, mpwa wake atakuwa amempelekea shukrani iliyochelewa, na kumwomba hadithi ambazo marehemu shemeji yake alikuwa akizisimulia jikoni. Katuni itangoja, maana imehifadhiwa. Watu walioitazama hawangoji.