Mgongo wa yaya: mtoto analelewa na nani?

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Hapa Lubumbashi methali hiyo tunaisikia kwenye ndoa na kwenye matanga, na kila mtu anaitikia kwa kichwa. Lakini tujiulize bila haya: hiyo mikono mingine iko wapi leo? Na kama umebaki mkono mmoja tu, tena mkono wa mtoto mwenzake, je, tuna haki ya kuendelea kuuita desturi?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, msichana wa miaka 13 alifika shuleni wakati masomo yameshaanza, mdogo wake amefungwa na kitenge mgongoni. Tulimuuliza kwa ukali. Akajibu polepole: "Mwalimu, mama alienda ku soko. Mutoto nitamuachia nani?" Kanuni ya shule ilikuwa wazi, tukamrudisha nyumbani. Darasa liliendelea. Swali lake hatukulijibu, na mpaka leo linatusumbua.

Desturi ya yaya kubeba mdogo wake ni ya zamani sana, na hatuidharau. Wengi wetu tulibebwa hivyo. Lakini tukumbuke vizuri ilivyokuwa. Mwanamke akijifungua, nkambo alikuja kukaa naye, akamkanda kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto na kumwimbia. Mashangazi walipika. Yaya alimbeba mtoto muda fulani tu, tena ndani ya uwanja ambamo watu wazima walikuwepo. Mtoto akilia sana, mama fulani alimpokea. Jioni yaya naye alicheza, alikula, alisikiliza hadithi. Kwa maneno mengine, yaya alibeba mtoto, lakini na yeye alikuwa na watu wa kumbeba.

Mzunguko huo umevunjika, na si kwa sababu akina mama wamekuwa wavivu. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines. Waliita kuondoka huko "kwa hiari", lakini kila mtu hapa Katanga anajua ile hiari ilikuwa ya namna gani. Katika nyumba nyingi mshahara wa baba ulikatika, na mama njo alibeba nyumba: makala, unga, mboga, tangu alfajiri hadi giza. Nkambo amebaki kijijini. Jirani naye yuko sokoni. Katika desturi yote tumebakisha kipande kimoja, kile kisichotugharimu pesa: mgongo wa msichana mdogo.

Na mtoto mchanga anapata nini? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo juu ya malezi ya watoto wadogo. Wanataja mambo matano: afya, chakula bora, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemsikiliza mtoto na kumjibu. Hilo la mwisho nkambo zetu walilijua bila kusoma. Mtoto wa miezi kumi akisema "ba-ba-ba", nkambo alimjibu kama anaongea na mkubwa mwenzake. Hapo mtoto anajifunza kwamba sauti yake ina maana. Lakini yaya mwenye njaa, anayewaza daftari lake, anamtikisa tu ili anyamaze. Hana ubaya wowote. Amechoka. Watoto wawili wanapoteza kwa pamoja.

Kuna atakayesema: "Sisi wote tulikua hivyo, na msichana anajifunza kuwa mama." Ni kweli kwamba kumlea mdogo kunafundisha upole na uvumilivu. Basi kama ni shule nzuri hivyo, kwa nini kaka yake haandikishwi? Fundisho jema la mtu halichagui wasichana peke yao. Kisha, kuna tofauti kati ya kusaidia na kubadilisha mzazi. Anayesaidia anaweza kusema "nimechoka" na mtu akampokea. Asiyeweza kusema hivyo amebebeshwa mzigo wa mwingine.

Wengine watasema serikali ifanye. Ndiyo, ina deni. Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi ya bure katika shule za serikali, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Lakini mtoto wa mwaka mmoja haendi shule ya msingi, na shule ya watoto wadogo inataka pesa. Hatuwezi kungoja huku mgongo wa msichana unapinda.

Tunajua likelemba. Wamama kumi wanaaminiana, pesa inazunguka, kila mmoja anafikiwa na zamu yake. Kwa nini mikono isizunguke vilevile? Wamama sita wa avenyi moja, kila mmoja abaki siku moja kuangalia watoto wa wote. Baba asiye na kazi ya siku hiyo naye ashike zamu. Kumwogesha mtoto hakupunguzi heshima ya mwanaume. Na sisi walimu, kabla ya kumrudisha msichana, tuulize kwanza nani yuko nyumbani, kisha tuende kuongea na wazazi.

Msichana yule alirudi baada ya majuma mengi. Mtihani ulimshinda, na mwaka uliofuata hatukumwona tena. Mtoto aliyembeba tumemwona: anasoma shule ya msingi, anajua kusoma vizuri. Tulifurahi, halafu tukaona haya. Masomo yake yalilipwa na yaya. Kulipa deni hilo si kazi ya mtoto, ni kazi yetu sisi wakubwa tunaopenda kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana.