Siku ya Kupumzika

Jimu yetu hapa Tunduma, vyuma vyake ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Nje malori yanasubiri kuvuka kwenda Nakonde. Bega liliponiuma niliendelea kunyanyua. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, unamwogopa nani?"

Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Frederick Baekeland, alitafuta watu waache mazoezi mwezi mmoja kwa malipo. Waliozoea kufanya karibu kila siku walizikataa hela. Ningekataa pia. Watu husema nina nidhamu. Lakini mwenye nidhamu si angeweza pia kujiambia leo pumzika? Ninaowaona wakinaswa si wavivu, ni sisi tusiojisamehe kosa dogo.

Jumapili nilibaki nyumbani. Kufika saa nne nilikuwa nimeshafagia uwanja mara mbili.