Kosa la Asiyevuta Wavu

Tangu nistaafu, jioni zangu nyingi humalizikia juu ya mawe ya ufukoni, hapa Mwanza. Vijana hucheza mpira mchangani, familia hurudi na mashua kutoka Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na giza lisilo na mwezi likiingia, taa za wavuvi wa dagaa huwaka majini kama mji wa pili. Aliyekaa hapo hudhani Ziwa Victoria halina mwisho. Lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu zinaligawana. Lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Ni sinia pana, wala si kisima. Upana wake ndio unaotudanganya.

Mimi nami nilidanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa shule ya bweni. Siku hizo viwanda vya minofu vilikuwa vikifunguliwa kando ya ziwa. Sangara wakubwa walipelekwa Ulaya, na wenyeji wengi wakabakiwa na mapanki. Mzabuni wetu akaanza kuleta sangara wachanga, urefu wa rula ya darasani, waliovuliwa kwa kokoro, wavu unaokokotwa hadi nchi kavu ukizoa hata mazalia ya samaki. Bei ilikuwa nusu.

Mpishi mkuu, mtoto wa mvuvi, aliniambia, "Mwalimu, hawa ni watoto."

Nikamjibu, "Na watakaowala pia ni watoto." Nikatia sahihi.

Kwa miaka mingi nililiona jibu hilo kuwa la hekima. Leo naliuliza upya: je, njaa ya leo yaweza kuhalalisha kula mbegu ya kesho?

Ndugu msomaji, simhukumu mvuvi ambaye watoto wake hawana chakula cha usiku. Kumwambia asubiri samaki akue ni rahisi kwa aliyeshiba. Lakini kokoro halivutwi na mikono ya wavuvi peke yao. Linavutwa pia na bei. Kila nilipotia sahihi, nami nilishika kamba. Na mimi sikuwa na njaa. Ningeweza kuongeza siku ya maharage, au kuwaeleza wazazi hali ya bajeti. Nilichagua njia nyepesi, kisha nikaifunika kwa njaa ya wanafunzi. Naona sasa kwamba njaa humpa udhuru mwenye njaa. Haimpi aliyeshiba anayesema kwa niaba yake.

Sheria ya sasa hairuhusu kuvua sangara wa chini ya sentimeta 50. Ni sheria njema, ila mkaguzi hawezi kusimama mbele ya kila sufuria. Mchuma janga hula na wa kwao, na hao wa kwetu ni pamoja na wale wasiozaliwa bado.

Wiki iliyopita sokoni mchuuzi alinionyesha sangara wadogo chini ya gunia. Nilipokataa, alicheka: "Babu, usiponunua wewe atanunua mwingine."

Alisema kweli. Nikanunua dagaa, nikaenda zangu. Huyo mwingine ana wajibu wake. Wangu nimeuchelewesha miaka thelathini.