Kilwa haikupewa nafasi ya kujibu

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Akausifu mji, akamsifu Sultani Hassan bin Suleiman kwa ukarimu wake, akaenda zake. Miaka zaidi ya 20 baadaye, huko Morocco, alimsimulia Ibn Juzayy safari zake, naye akaziandika. Humo tunasoma kwamba Kilwa imejengwa kwa mbao.

Sasa panda mashua pale Kilwa Masoko uvuke hadi Kisiwani. Nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, hapo hakukosea. Lakini Msikiti Mkuu ni wa mawe ya matumbawe, na sehemu yake kongwe ilikuwepo kabla mgeni hajafika. Mkilwa yeyote angemwambia: "Bwana, umesahau mawe yetu." Ila kitabu kiliandikwa mbali nao.

Nilikuwa namcheka, mpaka yakanikuta. Niliandika kwamba majumba ya zamani ya Kilwa Kivinje yanabomoka kwa sababu wenyewe hawana hela. Mwaka uliofuata nikarudi. Nilipomwamkia mzee mmoja barazani kwake, aliitika, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye uliyetuandika?" Kumbe mjukuu wake alimsomea kwenye simu.

"Hela siyo tatizo, mwanangu. Nyumba hii ya urithi, tuko kumi na wanne. Nikigusa jiwe moja bila ridhaa ya wenzangu, kesho tunaitana baraza la kata."

Mwaka mzima kosa langu lilisomwa kama ukweli. Mzee alikuwa na jibu, hakuwa na pa kuliweka. Tangu siku hiyo naamini kujibiwa siyo hisani ambayo mwandishi anamfanyia msomaji. Ni haki ya aliyeandikwa, na haki hiyo inatangulia raha ya anayetaka kutusifia tu.

Mtaniambia: ukifungua mlango, matusi yanaingia. Kweli, yanaingia. Lakini hebu tazama baraza la mzee yule. Kila jioni watu wanabishana pale, mpira, siasa, bei ya pweza, na heshima inabaki. Kwa nini? Anayesema anaonekana uso, na mwenye nyumba amekaa hapohapo. Ukizidisha, unaambiwa. Kwa hiyo anayewapa watu nafasi ya kujibu lazima akae nao, asikilize, akemee inapobidi. Kufungua mlango halafu ukaenda kulala siyo uwazi, ni uzembe. Na kuufunga kwa kuogopa wachache ni kumnyamazisha mzee wangu pamoja nao.

Makala ile nimeirekebisha. Sentensi yangu sikuifuta. Maneno ya mzee nimeyaweka chini yake, kwa idhini yake, ili msomaji aone nani alisema nini. Nilimpigia nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Ila na paa nalo ungelitaja."