Waliotembea Kinyumenyume

Novemba 2002, katika mji wa Trois-Rivières, jimbo la Quebec nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aliingia peke yake katika studio ya video ya shule yake. Akawasha kamera. Akashika fimbo ndefu ya kuokotea mipira ya gofu, akaanza kuizungusha kama upanga wa mwanga wa kwenye filamu za Star Wars. Alijipinda, akaruka, akayumba, akajiweka sawa, akaendelea. Mchezo wote haukufika dakika mbili. Ulikuwa mchezo wa mtoto anayeamini kwamba hakuna amwonaye.

Mkanda ukabaki shuleni. Wenzake waliukuta, na ilipofika Aprili 2003 ulikuwa umeshapandishwa kwenye intaneti. YouTube ilikuwa haijazaliwa, ilianza 2005. Video hiyo ilitembea kwa baruapepe na kwa mafaili yaliyopakuliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na hata hivyo ikaizunguka dunia. Mwaka 2006 kampuni ya matangazo ya The Viral Factory ilikadiria kwamba ilikuwa imetazamwa mara milioni 900.

Mvulana huyo, Ghyslain Raza, aliacha shule na kuhitaji matibabu ya akili. Wazazi wake walizishtaki familia za wenzake wanne, na shauri likamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama mwaka 2006. Alipovunja ukimya mwaka 2013, akiwa tayari mtu mzima, alieleza kwamba miongoni mwa watu asiowajua kabisa walikuwamo waliomwambia ajiue.

Mahakama ina maswali yake: nani aliuchukua mkanda, nani aliupandisha, hasara ni kiasi gani. Lipo swali jingine ambalo hakuna hakimu anayeliuliza. Yule aliyefungua video akiwa kazini, akacheka, akamtumia shemeji yake, kisha akarudi kwenye hesabu zake, amemkosea mtu? Hakuiba kitu. Hakutukana. Alitazama tu.

Dini zinazofuatwa na watu wengi wa Afrika Mashariki, na ile ya Wayahudi, zililijibu swali hilo kabla ya umeme kugunduliwa, na jibu lao ni kali kuliko wengi wanavyodhani.

Katika kitabu cha Mwanzo kuna kisa cha Nuhu baada ya gharika. Alipanda mizabibu, akanywa divai, akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu aliingia, akaona, akatoka kwenda kuwaeleza nduguze waliokuwa nje. Shemu na Yafethi walitwaa nguo, wakaitandaza mabegani mwao wote wawili, wakaingia wakitembea kinyumenyume hadi walipomfikia baba yao, wakamfunika bila kugeuza nyuso zao. Kisa hakisemi kwamba Hamu alisema uongo, wala kwamba alimvua mzee nguo. Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Kosa lake lilikuwa kuona na kutoka nje na habari. Nduguze nao walijua vizuri kilichokuwamo hemani, wakachagua kutokukiona.

Waandishi wa Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi, walikwenda mbali zaidi. Walimfananisha anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu na mwuaji, na ushahidi wao ulikuwa uso wa mwanadamu: mtu akiaibishwa, wekundu wa damu huondoka usoni na weupe huingia mahali pake. Qurani nayo, katika Surat Al-Hujurat, imekataza kupelelezana na kusengenyana, na ikamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Maiti haiwezi kujitetea. Wala mtoto wa Trois-Rivières hakuweza kujitetea mbele ya video iliyotazamwa mara milioni 900.

Kiswahili chenyewe kina neno kwa ajili ya jambo hili, nalo limetulia katika mazungumzo ya kila siku hata watu wamesahau uzito wake. Neno hilo ni sitara. Nguo ni sitara, nyumba ni sitara, ndoa ni sitara. Mtu akiponea chupuchupu kuumbuka, husema Mungu amemsitiri. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad yaliyopokewa na Imam Muslim, anayemsitiri Mwislamu mwenzake ameahidiwa kwamba Mungu naye atamsitiri. Kwa hiyo kusitiri si adabu ya wakubwa tu. Ni kama akiba ambayo kila mtu anaiweka kwa ajili ya siku atakayoihitaji mwenyewe.

Hakuna mahali ambapo sitara huonekana kwa karibu kama kwenye chumba cha kuoshea maiti. Waoshaji ni wachache na ni watu wa kuaminika. Shuka hutandazwa juu ya mwili kabla nguo hazijaondolewa, na mkono wa mwoshaji, ukiwa umevishwa kitambaa, hupita chini ya shuka hiyo bila jicho kuufuata. Kila kovu na kila ulemavu aliouficha marehemu miaka sitini uko wazi kwa wale watu wawili au watatu. Wakitoka hapo hawana habari. Mafundisho yanawataka waliloliona baya walifukie, na watu wa pwani wamekaza fundo kwa methali yao: mwosha huoshwa. Hapo ndipo mtumaji wa video angepaswa kujipima. Naye ameshika mkononi kitu cha aibu cha mtu asiyeweza kusema neno, na tofauti pekee ni kwamba yeye mlango ameufungua.

Wapo wanaosema jibu ni msamaha na kusahau. Neno hilo halikai sawa. Anayesamehewa ni aliyekosa, na mvulana mwenye fimbo ya gofu hakumkosea yeyote. Yeye ndiye anayedai. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, dhambi zinazogusa haki za waja hazifutwi kwa toba ya faraghani peke yake. Ni lazima aliyedhulumiwa aridhie. Mishna, msingi wa Talmud, inasema jambo hilohilo kuhusu Yom Kippur, siku ya upatanisho ya Wayahudi: makosa kati ya mtu na mwenzake hayapatanishwi mpaka amemridhisha mwenzake. Ndiyo maana mahujaji wa pwani, kabla ya kupanda ndege, huzunguka kwa majirani na jamaa kuombana radhi. Sasa mamilioni waliomcheka mtu mmoja watazunguka wapi? Atapokea radhi ngapi kwa siku? Deni lililogawanywa kwa watu wengi namna hiyo linaonekana dogo kwa kila mdaiwa. Kwa mdai halijapungua hata senti.

Kesi ya Mmarekani Monica Lewinsky ni ngumu zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba alifanya kosa. Alikuwa na miaka 24 habari za uhusiano wake na Rais Bill Clinton wa Marekani zilipotokea kwenye mtandao Januari 1998, kabla ya magazeti makubwa. Septemba mwaka huohuo ripoti ya mwendesha mashtaka Kenneth Starr, yenye mambo ya chumbani, iliwekwa kwenye intaneti dunia nzima isome. Miaka 17 baadaye, mwezi Machi 2015 jijini Vancouver, alisimama kwenye jukwaa la TED akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiketi kando ya kitanda chake kila usiku, na jinsi alivyomtaka aoge bila kufunga mlango wa bafu. Wazazi waliogopa kwamba binti yao angekufa kwa aibu, nao walimaanisha kufa hasa. Mlango wa bafu ukiwa wazi ni kitu cha kuvunja sitara, lakini ule uliachwa wazi na mtu pekee aliyekuwa amekaa hapo kumlinda. Sitara hailazimu mtu awe hana kosa. Nuhu alikuwa amelewa kweli.

Hapa huja pingamizi zito, na lina haki ya kusikilizwa. Neno sitara limetumiwa vibaya. Limefunika waume wanaopiga wake, walimu wanaonajisi watoto, wakubwa wanaokula mali ya umma. Familia zimewaziba midomo walioumizwa kwa kisingizio cha kuficha aibu. Lakini Qurani yenyewe, katika Surat An-Nisaa, inamwondoa aliyedhulumiwa katika katazo la kupaza sauti kwa maneno mabaya. Anaruhusiwa kulia hadharani na kumtaja dhalimu. Kinachofunikwa ni udhaifu wa asiye na nguvu. Ngumi ya mwenye nguvu haijawahi kuwa na haki ya shuka hiyo, na anayeichanganya aibu na dhuluma anawaibia watu wawili kwa mpigo, aliyeaibishwa na aliyedhulumiwa.

Sheria nayo imejaribu kushona shuka yake. Mhispania Mario Costeja González alikasirika kwamba kila lilipotafutwa jina lake kwenye Google, yalitokea matangazo ya gazeti la La Vanguardia ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa nyumba yake kwa sababu ya madeni aliyokwisha kuyalipa. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Google inaweza kulazimika kuondoa viungo vya aina hiyo. Kenya kwa sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania kwa ile ya 2022, zimempa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria huja baada ya maji kumwagika, na yakimwagika hayazoleki. Costeja mwenyewe, aliyetaka deni lake lisahauliwe, sasa anatajwa katika vitabu vya sheria pamoja na deni hilo.

Maisha baada ya aibu huendelea, na si kwa namna moja. Lizzie Velásquez wa Texas, aliyezaliwa na maradhi adimu yanayomzuia kunenepa, alikuwa na miaka 17 alipojikuta kwenye video ya sekunde nane iliyomwita mwanamke mbaya kuliko wote duniani, imeshatazamwa mara milioni 4. Alimaliza chuo kikuu, akaandika vitabu, akageuka mzungumzaji anayealikwa majukwaani. Lewinsky alisoma saikolojia ya jamii jijini London, na leo anafanya kampeni dhidi ya uonevu wa mtandaoni.

Raza alichukua njia ya kimya. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 2022, miaka 20 baada ya mkanda ule, alikubali kuonekana katika filamu ya Mathieu Fournier iliyotolewa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, na safari hii alijua kwamba atatazamwa. Kati ya miaka hiyo alirudi pia Trois-Rivières, mji uleule, akawa mwenyekiti wa chama kinacholinda majengo ya zamani na kumbukumbu za wakazi wake.