Kreti 3 za Jana

Lori la nyanya kutoka Loitoktok likishusha mzigo alfajiri katika soko la Kongowea, Mombasa, mama mwenye kibanda hatafuti kalamu. Anajua jana zimelala kreti 3. Zimeshuka 10, sasa ni 13. Kufikia adhuhuri mahamali wamewabebea wateja kreti 5, zimebaki 8. Jaribu kumpunja hata moja uone.

Basi wewe uliyefunga daftari jana usiku kwa sababu swali limekutaka utafute volteji ya kapasita kwa kupewa mkondo na hali ya mwanzo, lifungue. Hesabu ni ya mama huyu huyu.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 100 ambayo tayari ina volti 3. Mkondo wa miliampia 2 unaingia kwa nusu sekunde. Zidisha mkondo kwa muda, upate chaji iliyoingia: milikulombi 1. Gawanya kwa kapasitansi, zinatoka volti 10. Jumlisha na zile 3: volti 13. Mkondo ukigeuka, miliampia 1 ikatoka kwa nusu sekunde nyingine, zinashuka volti 5, zinabaki 8. Umeziona kreti?

Mbona tunagawanya? Wewe ni mtu wa Mombasa, maji ya mkokoteni unayajua. Mimina mtungi mmoja wa lita 20 kwenye pipa jembamba, maji yanapanda juu; umimine kwenye pipa pana, utadhani hujatia kitu. Volteji ni kimo cha maji, kapasitansi ni upana wa pipa.

Na ile S ndefu (∫) inayokutoa jasho? Mwanahisabati Leibniz aliianza mwaka 1675, akairefusha herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Jumla tu! Mkondo ukipanda na kushuka, unakata muda vipande vyembamba, unazidisha kila kipande kwa mkondo wake, unajumlisha. Watu wameikimbia fizikia kwa herufi moja.

Wanapoanguka wengi ni pale mwanzoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuzisahau volti za mwanzo katika mtihani, na hesabu nyingine yote safi kabisa haikuniokoa. Fundi wa feni hasahau. Plagi imeshachomolewa, lakini hashiki waya za kapasita kabla ya kuimaliza chaji, kwani kapasita hulala na umeme kama kibanda kinavyolala na mali. Akisahau, hakatwi alama, anapigwa.

Jina la faradi lenyewe limetokana na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza uanagenzi kwa mjalidi wa vitabu jijini London akiwa na miaka 14, akawa anavisoma vile alivyopewa kuvijalidi. Hesabu za juu hakuzimudu kamwe. Ni mwanafizikia Maxwell aliyekuja kuyaandika mawazo yake kwa milinganyo. Wewe unaogopa kujumlisha?

Shika kalamu. Kapasita ni ile ile ya mikrofaradi 100, ila leo imeanza na volti hasi 5, yaani imeamka na deni. Mkondo unapanda sawasawa kutoka sifuri hadi miliampia 4 ndani ya sekunde 1. Uchore, utapata pembetatu. Tafuta eneo lake, ugawanye. Ukiniletea jibu la volti 20, rudi kibandani kwa mama ukamuulize jana zililala ngapi.